Kwale kupata mgao mkubwa kuliko Mombasa: fomula inahesabu nini? Na tukilipa zaidi, tutakatwa?

MitumbaKongowea aliandika:

Salaam aleikum wote. Nauza nguo za mtumba pale Kongowea. Juzi tuliitwa kwenye kikao cha kutoa maoni juu ya mswada wa fedha wa kaunti, na nimerudi na maswali mawili yanayoninyima raha.

Tulielezwa kwamba ada za soko na leseni hazina budi kupanda, kwa sababu mgao kutoka serikali kuu hautoshi na mji huu una uwezo wake. Mwenzangu wa kibanda cha pili akasimama akauliza: na tukilipa zaidi, huko Nairobi si wataona tumejiweza, watukate mgao? Muda ukawa umekwisha, tukatawanyika.

Nimetafuta hesabu mwenyewe. Mwaka wa fedha 2021/22 kaunti zote 47 ziligawana bilioni 370. Mombasa ilipata takriban bilioni 7.57, Kwale bilioni 8.27, Kilifi bilioni 11.64. Sensa ya 2019 ilitupata Mombasa watu 1,208,333 na Kwale 866,820. Sina kinyongo na Kwale, mamangu ni wa Kinango. Ila sielewi kaunti yenye watu wachache kuliko sisi kwa zaidi ya laki tatu inapataje zaidi.

Basi la kwanza ni hilo: nini ndani ya fomula ya kugawa pesa hizo kinaipandisha Kwale? La pili ni lile la mwenzangu. Nawaomba siasa tuiweke kando, nataka mtu anayeijua hesabu yenyewe, maana pale sokoni wananingoja.

BarobaroLikoni alijibu:

Dada, jibu ni dhuluma. Gawanya pesa hizo hizo kwa watu wa sensa. Mombasa kila kichwa ni kama shilingi 6,260, Kwale kama 9,500. Mimi navuka feri kila asubuhi nimebanana na watu wa Kwale, tunashuka pamoja, tunafanya kazi mji mmoja. Kwa nini mwenzangu ahesabiwe zaidi yangu? Mtu mmoja, shilingi moja. Kila kaunti ipewe kulingana na vichwa vyake.

MzeeWaTudor alijibu:

Wa aleikum salaam Bi Kongowea. Nilifanya kazi idara ya bajeti katika lile baraza la mji lililokuwako kabla ya kaunti kuanza 2013, na hadi leo karatasi za Tume ya Ugavi wa Mapato, inayopendekeza fomula hiyo, zikitoka nazisoma mpaka mwisho. Nivumilie, jibu ni refu.

Nianze na la mwenzako. Hamtakatwa. Fomula ya tatu, iliyogawa pesa kuanzia 2021/22 hadi 2024/25, ilikuwa na vigezo vinane, na hakuna hata kimoja kilichouliza kaunti imekusanya kiasi gani. Mombasa ingekusanya bilioni moja zaidi, mgao haungesogea senti. Zile fomula mbili za mwanzo hata zilitenga asilimia 2 kwa ajili ya kaunti inayojitahidi upande wa fedha. Asili yake ni Katiba: kifungu cha 203 kinataja uwezo wa kifedha wa kaunti na mahitaji yake ya maendeleo, kisha kinataka kila kaunti ipewe motisha ya kukuza mapato yake. Kumwadhibu anayekusanya kungekwenda kinyume na maandishi hayo. Hofu ya mwenzako ina mzizi mahali pengine, nitaufikia.

Sasa Kwale. Chukua kila shilingi 100 iliyopita kwenye fomula ile. Shilingi 20 ziligawanywa sawa kwa sawa kwa kaunti 47, Lamu kama Nairobi. Shilingi 18 zilifuata idadi ya watu, 17 afya, 14 umaskini, 10 kilimo, 8 ukubwa wa eneo, 8 barabara, na 5 huduma za miji.

Pitisha Mombasa kwenye kila fungu uone. Kilimo kilipimwa kwa kaya za mashambani, na sensa ya 2019 inaihesabu Mombasa nzima kuwa mji, kwa hivyo hapo hatuna kitu. Eneo letu ni kama kilomita za mraba 220, Kwale ina zaidi ya 8,000. Barabara zilipimwa kwa kuangalia watu wanaoishi mbali na barabara inayopitika mvua na jua. Kwetu barabara ziko, shida yetu ni msongamano na mitaro iliyoziba, na hayo fomula haikuyatazama. Umaskini nao, utafiti wa kaya wa 2015/16 uliwapata maskini 47 katika kila watu 100 Kwale, na 27 Mombasa. Fungu lililotufaa hasa ni lile la miji, ambalo ndilo dogo kuliko yote.

Juu ya hayo, si pesa zote zilizopita kwenye fomula. Nusu ya zile bilioni 316.5 za mwaka 2019/20 ziliendelea kugawanywa kwa uwiano wa zamani. Hayo yalitokana na mvutano wa Seneti wa mwaka 2020. Wakubwa wetu walikaa kikao baada ya kikao, wakagawanyika kaunti zenye watu wengi kwa zenye ardhi kubwa, hata mwezi wa Agosti maseneta watatu wakakamatwa na polisi. Septemba ndipo wakakubaliana kwamba hakuna kaunti itakayopata pungufu ya ilivyokuwa ikipata, na pesa ziongezwe. Kwa hivyo ukiona uzito wa vigezo haufuati mantiki moja, jua umepimwa pia kwa kura.

Barobaro, mwanangu, sasa nije kwako. Shilingi kwa kichwa nimeipigia hesabu. Bilioni 370 ukizigawa kwa Wakenya milioni 47.56 wa sensa, kila mmoja ni karibu shilingi 7,780. Mombasa ingepanda hadi kama bilioni 9.4. Kwa mfuko wetu ni faida, sikatai. Lakini Lamu, yenye watu 143,920, ingebaki na kama bilioni 1.1 badala ya 3.1. Kwale ingeshuka hadi kama 6.7. Lamu ina visiwa, boti za wagonjwa, shule za Boni ambazo mwalimu hakai bila ulinzi. Gharama za kuendesha kaunti hazipungui kwa sababu watu ni wachache. Na Kwale ikipungukiwa, mgonjwa wa Lungalunga anakuja wapi? Makadara, hospitali yetu kuu hapa Mombasa. Atalala kitanda cha Mombasa, atumie dawa za Mombasa. Tukimnyima kule tutamlipia hapa.

Malalamiko yetu ya haki yako kwingine kabisa, na umeyataja mwenyewe bila kuyakazia: feri. Sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku. Anayelala Mtwapa anahesabiwa Kilifi, anayelala Ukunda au Ng'ombeni anahesabiwa Kwale. Kukipambazuka wote hao wako Mwembe Tayari, Marikiti, Changamwe, Shimanzi. Taka wanazotupa zinapelekwa Mwakirunge kwa malori ya Mombasa. Vyoo, taa za barabarani, askari wa zimamoto, vyote vinahudumia mji wa mchana, na fomula inagharamia mji wa usiku.

Makadara nayo ni hivyo hivyo. Hospitali ile ni ya rufaa kwa pwani nzima, kaunti sita. Zamani hospitali 11 za ngazi ya tano nchini zilikuwa na ruzuku yao ya pekee, shilingi bilioni 4.3 kwa zote, imefungiwa matumizi ya hospitali tu. Makadara ilikuwa ikipata zaidi ya milioni 380 kwa mwaka. Kuanzia 2021/22 ruzuku hiyo ilimezwa ndani ya mgao wa jumla. Kwenye karatasi mgao wetu ulionekana umeongezeka, lakini sehemu ya nyongeza ni pesa tulizokuwa nazo tayari kwa jina lingine, na sasa hakuna sheria inayozielekeza wodini. Jambo hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu ruzuku ile ndiyo iliyokuwa ikikiri waziwazi kwamba kuna mji unaobeba mzigo wa majirani zake.

Enzi zetu kulikuwa na mfuko wa LATF, asilimia 5 ya kodi ya mapato, ukigawiwa mabaraza yote 175. Ulikuwa na kasoro zake, lakini kwenye hesabu yake, baada ya fungu dogo la sawa kwa wote na fungu kubwa la idadi ya watu, kilichobaki kilifuata msongamano wa watu mijini. Sehemu nyingine ya pesa hukuipata mpaka upeleke hesabu zako kwa wakati, mpango wa kulipa madeni, na miradi iliyochaguliwa na wananchi katika wadi. Nakumbuka tulivyokesha ofisini kufunga vitabu kabla ya siku ya mwisho, kwa sababu ukichelewa unakatwa. Shinikizo lile lilitusaidia. Kazi za ndani tulizozoea kuziahirisha zilifanyika.

Sasa mzizi wa hofu ya mwenzako. Tume ilipotayarisha fomula ya nne, ya kuanzia 2025/26, ilipendekeza kigezo kipya: kaunti ambayo uchumi wake kwa kila mkaazi ni mkubwa ipate kidogo, iliyo nyuma ipate zaidi. Kwa maneno ni haki tupu, mwenye nacho amwachie asiye nacho. Lakini uchumi wa Mombasa kwenye vitabu una nini ndani yake? Bandari. Maghala. Malori. Mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo inayopita hapa. Thamani hiyo yote inaandikwa kwa jina letu. Kisha fungua kifungu cha 209 cha Katiba usome kaunti inaruhusiwa kutoza nini: kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma inazotoa. Ushuru wa forodha ni wa serikali kuu. Kodi ya mapato ni ya serikali kuu. Na hairuhusiwi kuweka tozo inayozuia bidhaa kupita kutoka kaunti moja hadi nyingine. Tungeonekana matajiri kwa mali tusiyoweza kuigusa.

Seneti haikukipitisha kigezo hicho. Ilirudi kwenye vile vya kawaida, idadi ya watu, fungu sawa, umaskini na eneo, na tena ikaweka kwamba hakuna kaunti itakayoshuka chini ya ilichopata 2024/25. Tumeponea hapo. Lakini wazo litarudi, na likirudi nataka watu wa Mombasa waliwahi na hoja.

NesiKinango alijibu:

Shikamoo mzee. Nimesoma yote na nashukuru hukuungana na shilingi kwa kichwa. Mimi ni muuguzi upande wa Kwale, naomba niongeze lililo upande wetu.

Watu wa Mombasa wanapoona bilioni 8 wanadhani tumejaa. Zahanati yetu ya karibu na ninapokaa inahudumia vijiji vilivyotawanyika, mama mjamzito akizidiwa usiku gari la wagonjwa linatumia saa nzima kumfikia na saa nzima kurudi. Mafuta ya safari moja yangehudumia wagonjwa wangapi Mvita, ambako mtu anatembea kwa miguu hadi hospitali? Katika fomula ile ya tatu, kigezo cha eneo na cha barabara ndivyo vilivyotulipia mafuta hayo. Maji pia. Wengi hapa wanategemea mabwawa na silanga, wakati Marere na Tiwi, zilizo kwetu, zinapeleka maji Mombasa.

Na hata sisi tuna habari ya mali ya kupita. Mchanga wa titani ulichimbwa Kwale zaidi ya miaka kumi, uchimbaji ukasimama mwisho wa 2024. Ila angalau Sheria ya Madini ya 2016 iliandika asilimia 20 ya mrabaha iende kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi pale. Kwa bandari hamna kifungu kama hicho. Hapo nawaunga mkono.

MzeeWaTudor alijibu:

Marahaba mwanangu, na Mungu akupe nguvu katika kazi hiyo. Umesema kweli juu ya maji. Mombasa haina chanzo chake kikubwa hata kimoja: Baricho iko Kilifi, Mzima iko Taita Taveta, Marere na Tiwi ziko kwenu. Kila nikisikia mtu hapa mjini anasema majirani wanakula jasho letu namuuliza leo ameoga maji ya wapi.

Mfano wa madini ni mzuri kuliko wangu wowote. Nitautumia.

BarobaroLikoni alijibu:

Mzee nimekuelewa juu ya Lamu. Lakini niambie, hivi Mombasa kuna maskini au hakuna? Maana ukipita Bangladesh pale Jomvu, au Ziwa la Ng'ombe, au hapa kwetu Likoni nyuma ya barabara kuu, hiyo 27 kwa 100 siioni. Na Hazina ya Usawazishaji, ile ya kusaidia maeneo yaliyoachwa nyuma, orodha ya kwanza ilikuwa na kaunti 14. Kwale imo, Kilifi imo, Tana River, Lamu, Taita Taveta. Pwani yote isipokuwa sisi.

MzeeWaTudor alijibu:

Wapo, tena wengi. Asilimia 27 ya watu milioni moja na laki mbili ni zaidi ya laki tatu. Kwale 47 kwa 100 ni kama laki nne. Tofauti ya vichwa ni ndogo kuliko inavyosikika kwa asilimia, na kwa jambo la chakula na huduma, kinachohesabika ni vichwa.

Na umaskini wa mjini una sura yake. Mtu wa Ziwa la Ng'ombe hana shamba la kumtolea muhogo siku ngumu. Kila kitu ananunua: maji kwa mtungi, choo kwa sarafu, chumba kwa mwezi. Orodha ile ya kaunti 14 ilitazama kaunti nzima kama kitu kimoja, kwa hivyo Nyali ikaifunika Likoni. Sera ya pili ya hazina hiyo iliacha kutazama kaunti nzima ikashuka hadi kata ndogo, na nadhani ndiyo njia bora. Hata fomula kuu ingefaa ijifunze hapo.

MitumbaKongowea alijibu:

Mzee nashukuru, nimeyaandika yote kwenye daftari. Mwenzangu nimemsomea lile la kutokatwa, ametulia. Lakini sasa nina swali la tatu. Ikiwa mgao hauongezeki haraka na bandari hatuigusi, basi ni kweli kwamba njia iliyobaki ni ada zetu za soko? Maana ndivyo tulivyoambiwa.

MzeeWaTudor alijibu:

Hapana, mamangu. Hapo ndipo ningetaka usimame ukiitwa tena.

Kodi yenye nguvu ambayo Katiba imeipa kaunti ni ya ardhi na majengo. Enzi zetu tulitoza kwa daftari la thamani la miaka mingi nyuma. Kiwanja kilichokuwa na nyumba ya makuti kikaota ghorofa kumi, kwenye daftari kikabaki na thamani ya makuti. Ukitaka kujua uwezo wa Mombasa uko wapi, simama darajani Nyali utazame majengo. Kaunti inayoanza na kibanda cha mtumba kabla ya kufikia ghorofa inachukua kwa anayeonekana kwa urahisi, aliyeko sokoni saa kumi na mbili asubuhi, na kumwacha mwenye uwezo.

Pili, kuna ardhi kubwa hapa ya serikali kuu na mashirika yake. Serikali hailipi kodi ya ardhi kama mimi na wewe, lakini kwa muda mrefu sheria imeweka kwamba itoe mchango wa badala yake. Uliza hayo kwa heshima na kwa maandishi: mchango huo unadaiwa kiasi gani, umelipwa kiasi gani, na kwa nini haumo kwenye mswada mliosomewa. Katika karatasi ulizopewa tafuta mstari huo. Kama haupo, hilo ni swali tosha la kikao kizima.

Na la bandari usiliache. Mtu akikwambia Mombasa ina uwezo, mwombe aseme uwezo upi. Ukubwa wa uchumi, au pesa ambazo kaunti inaruhusiwa na sheria kukusanya? Fomula ijayo ikitaka kupima uwezo, ipime huo wa pili. Ikitaka kupima ule wa kwanza, basi kwanza Bunge litunge kifungu cha bandari kama alichokitaja Nesi kwa madini.

MitumbaKongowea alijibu:

Haya nitayasema wapi, mzee? Kikao kimeshapita.

MzeeWaTudor alijibu:

Mswada wa fedha ni mwisho wa safari, mkiitwa pale kiasi kinachotafutwa kimeshaamuliwa. Kuna karatasi ya mkakati wa fedha wa kaunti, ambayo kwa sheria hufikishwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 28 Februari kila mwaka. Humo ndimo wanamoandika wanatarajia ngapi kutoka Nairobi, ngapi kutoka ardhi, ngapi kutoka masoko. Kabla haijafika bungeni umma unatakiwa uulizwe. Nendeni Januari, muwe kundi, mpeleke barua yenye sahihi za wafanyabiashara, na mwakilishi wa wadi apewe nakala. Fomula yenyewe hupitiwa kila miaka mitano, ile inayofuata ni ya kuanzia 2030/31, na Tume hupita kaunti kukusanya maoni muda mrefu kabla ya hapo.

Rasimu ya barua ukiiandika iweke hapa tuisome pamoja. Habari ya wanaolala nje ya Mombasa na kufanya kazi ndani iwe aya ya kwanza. Nesi akiweza atusaidie na namna ya kueleza wagonjwa wa rufaa.

NesiKinango alijibu:

Nitasaidia. Bi Kongowea, omba idadi ya waliolazwa Makadara ikiwa imetenganishwa kwa kaunti wanazotoka. Daftari la kulaza lina sehemu ya makao ya mgonjwa, kwa hivyo hesabu hiyo inaweza kutolewa ikiombwa.

MitumbaKongowea alijibu:

Nimeongeza kwenye daftari. Rasimu nitaiweka hapa Jumapili jioni, soko likishafungwa.